"Wewe Ukisema Niweke Kidole, Naweka"

BARUA

Assalamu alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, nina miaka 34. Nilisomea uuguzi, na huu ni mwaka wa tano nikiwa mratibu katika kitengo cha utafiti wa saratani cha chuo kikuu kimoja huko mjini. Uliwahi kutuambia katika safu hii kuwa kazi hiyo uliifanya kabla ya kustaafu na kurudi Malindi, ndiyo maana nimekuandikia wewe na si mwengine. Kazi yenyewe unaijua: nampokea mgonjwa, namweleza fomu ya ridhaa, natoa damu, napanga skani, kisha najaza kurasa za kompyuta mpaka macho yanawasha.

Aliyenilea ni mama mdogo. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Mama mdogo sasa ana saratani ya titi. Alipigwa kemo hospitali nyengine, akatulia miezi kadhaa, kisha ikarudi na safari hii imeingia kwenye mifupa ya mgongo.

Kitengoni kwetu kuna jaribio la awamu ya tatu linalohusu wagonjwa kama yeye. Wote wanaoingia hupata matibabu ya kawaida. Nusu yao wanaongezewa dawa mpya kwa dripu, nusu wanaongezewa dripu inayofanana na ile lakini ndani haina dawa. Kompyuta ndiyo inayogawa, na si daktari wala mimi tunaojua nani kapata nini. Niliwatajia watu wa nyumbani jambo hili, na hapo ndipo nilipokichimba kisima changu.

Mjomba alinipigia simu akiwa Mkunguni, nasikia nyuma yake wazee wakipiga dhumna. Akasema: "Mwanangu, ufunguo uko mkononi mwako. Mtie dada yangu, na umtie kule kwenye dawa ya kweli." Kaka yangu, mwanawe mama mdogo, ameshauza mashine ya boti yake kwa ajili ya nauli na malazi. Nami, Mungu anisamehe, nilijibu "Inshallah". Wao wamesikia "ndiyo".

Mama mdogo alipokuja kwa vipimo vya mwanzo alilala kwangu. Usiku akaniambia, huku analia, kwamba tangu Mfunguo Mosi amekuwa akinywa dawa ya mizizi aliyopewa na tabibu mmoja, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Ameiacha siku saba tu. Pia hunywa kombe, na habasoda hakosi. Masharti ya jaribio letu ni mgonjwa awe amekaa siku 28 bila dawa yoyote ya mitishamba. Akanishika mkono: "Usiandike, mwanangu. Hayo nimekwambia wewe." Na tarehe ya kuacha ninaijaza mimi, Bi Mkubwa. Ni tarakimu mbili tu.

Fomu ya ridhaa pia nilimsomea mimi, kwa Kiamu, jioni nzima, kila ukurasa nikisimama kuuliza kama ameelewa. Mwisho akasema, "Wewe ukisema niweke kidole, naweka." Nililala nikiona nimefanya kazi safi. Sasa sina hakika.

Mkuu wa kitengo, profesa wetu, naye ana yake. Tulitarajiwa kusajili wagonjwa 20, tumefika 11, na wafadhili wanasema huenda wakatufunga. Kila Jumatatu ananiuliza, "Watu wako wa Pwani wako wapi?" Mume wake mama mdogo, kwa upande mwengine, hataki hata kusikia, anasema sisi ni mumiani tuliovaa makoti meupe, twanyonya damu za watu kwa karatasi.

Alhamisi natakiwa nikamilishe faili. Nifanyeje?

Niliyekabwa,
Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Tuanze na hesabu, maana naona umeipita mbio. Mama mdogo ameiacha ile dawa siku saba. Masharti yanataka 28. Zimebaki 21. Uongo wote unaokukosesha usingizi ni wa wiki tatu. Kabla hujafika kwenye dhambi, angalia kalenda: jaribio linafunga lini milango, na je, protokali yenu, ule mwongozo wa jaribio, inamruhusu mgonjwa aliyekwama kwenye mchujo arudi apimwe upya? Nyingi nilizozifanyia kazi ziliruhusu. Ukimwendea daktari wa jaribio ukamwambia kuna mgonjwa ametumia mitishamba na siku zake zinatimia tarehe fulani, hatashtuka. Wagonjwa wa Pwani ndio hao, hatuna wengine.

Iko saa nyengine inayokwenda, nayo ni ya ugonjwa. Ikiwa daktari wake wa saratani anaona mgongo ule hauwezi kukaa wiki tatu bila matibabu, basi asikae. Aanze matibabu ya kawaida, hata kama kwa kuanza ataikosa nafasi. Uamuzi huo ni wa daktari anayemtibu pamoja naye mwenyewe. Mtu anayetafuta mgonjwa wa 12 asiwepo chumbani.

Sasa hizo siku 28. Najua zinavyoonekana saa kumi na moja jioni ukiwa mbele ya kompyuta na basi linakuacha: kama ukaidi wa mtu wa ofisini. Lakini ini ndilo jiko la mwili, na dawa nyingi za saratani lazima zipite kwenye jiko hilo. Mizizi nayo inapita humo humo. Iko mimea inayolichelewesha ini, dawa ikajazana mwilini ikageuka sumu. Iko inayolichochea, dawa ikatoka kabla haijafanya kitu. Na iko inayoliunguza ini lenyewe. Ya mama mdogo ni ipi kati ya hizo? Wewe hujui, daktari hajui, na tabibu ukimuuliza atakwambia ni mizizi saba, basi. Sasa fikiria wiki ya tatu ya matibabu macho yamekuwa manjano. Madaktari hawana habari ya kikombe cha asubuhi na jioni. Wataitupia lawama kemo au ile dripu, watapunguza dozi au watasimamisha, na huenda wamesimamisha kitu kilichokuwa kinamsaidia. Wewe mwenyewe utakuwa na saa 24 za kuripoti tatizo hilo, na kwenye fomu ile kuna kisanduku cha dawa nyingine alizotumia mgonjwa. Utajaza nini? Uongo wa tarakimu mbili huzaa wa sentensi nzima.

Sisemi haya kwa kuidharau miti. Vinkristini, dawa ya saratani ambayo hospitali zetu zinaitumia mpaka leo, asili yake ni mmea wa maua wa Madagaska, ule ule unaoota kwenye nyua nyingi hapa Malindi na watu wanaumwagilia kwa ajili ya uzuri wake tu. Tofauti ni kwamba waliutoa kiini chake wakakipima, wakajua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua, maana vyote viwili kinaweza. Kombe silo linalonitia hofu. Ni aya za Mola zilizoandikwa kwa zafarani, nami sijawahi kumkataza mgonjwa kujikinga kwa Mola wake. Litajwe tu, na habasoda itajwe, daktari aamue.

Nikupe kisa kinachokufaa zaidi ya mawaidha yangu. Kulikuwa na daktari wa upasuaji wa Montreal, Kanada, akiitwa Roger Poisson, aliyekuwa akisajili wanawake katika majaribio makubwa ya saratani ya matiti. Moja ya majaribio hayo, lililoanza mwaka 1976, ndilo lililokuja kuonyesha kwamba wanawake wengi wenye uvimbe wa mapema wanaweza kukatwa uvimbe tu na kupigwa mionzi, wakaishi sawa na walioondolewa titi zima. Poisson aliamini kuwa mwanamke akiingia kwenye jaribio atatunzwa vizuri zaidi kuliko aliye nje. Kwa hiyo asiyetimiza masharti alimtimizia yeye: hapa tarehe ya upasuaji inasogezwa, pale jibu la kipimo linabadilishwa. Mwaka 1990 mtu wa takwimu, mtu kama wewe, akaona mgonjwa mmoja ana ripoti mbili za upasuaji zinazofanana kila kitu isipokuwa tarehe. Uchunguzi ulikuta rekodi za wagonjwa 99 zimechezewa tangu 1977. Habari ilipofika magazetini mwaka 1994, wanawake waliokuwa wamechagua kubaki na matiti yao kwa kuliamini jaribio lile walibaki hawajui waamini nini. Ilibidi hesabu yote irudiwe bila wagonjwa wake. Kwa bahati matokeo hayakubadilika. Poisson hakuwa mwizi wa pesa, mwanangu. Alikuwa na huruma, kama wewe, na kalamu, kama wewe.

Lililobaki ni lile neno la usiku, nalo ni zito kuliko tarehe. "Hayo nimekwambia wewe." Alikuwa akisema na mtoto aliyemlea. Huwezi kulichukua neno lile ukalipenyeza kwenye faili kwa mlango wa uani, na huwezi kulifukia. Aliseme mwenyewe. Keti naye, umwambie: "Mama, ile dawa ya mizizi daktari lazima aijue, si kwa ajili ya karatasi, kwa ajili ya ini lako. Nitakaa pembeni yako ukimwambia." Na kabla ya hapo mwendee daktari, umuombe jambo moja tu: asimfokee. Wagonjwa wetu wengi hawafichi mitishamba kwa ujanja. Wanaficha kwa sababu mara ya mwisho walipotaja walipigiwa kelele mbele ya watu.

Nije kwenye kidole.

Ulifanya kazi ya jioni nzima, na naamini uliieleza fomu ile kuliko mtu yeyote kitengoni. Hata hivyo ridhaa ile haifai, na kosa haliko kwenye maelezo yako, liko kwenye ulivyo. Ridhaa maana yake angeweza kusema hapana. Mama mdogo atakwambiaje hapana wewe? Amekulea tangu una miaka sita, amekusomesha, leo umekuwa mtu, na binti yake anamsomea karatasi za chuo kikuu. Angetia kidole hata kama ungemsomea bei ya samaki. Asiyeweza kukukatalia hawezi kukukubalia.

Kwa hiyo kesho, usingoje Alhamisi, mwandikie mtafiti mkuu barua fupi: mgonjwa huyu ni mama yangu wa kulea, naomba nisihusike na faili lake kwa lolote, na ridhaa yake ichukuliwe upya na mtu mwengine. Weka nakala. Jina lako lisionekane kwenye damu yake, kwenye fomu zake wala kwenye tarehe zake. Atafutwe muuguzi ambaye mama mdogo hamuonei haya, ikiwezekana anayekielewa Kiamu. Na kwa kuwa atatia kidole badala ya sahihi, lazima awepo shahidi asiye wa kitengo, asikilize maelezo yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Shahidi wa kuitwa mlangoni aje kusaini tu hafai. Shahidi huyo asiwe wewe.

Na hapa nina ugomvi wangu wa siku nyingi na fomu zetu, nivumilie. Anayezitafsiri hukaa na kamusi, hakai na mgonjwa. Nimeona fomu inayosema mgonjwa atapangiwa kundi kwa "bahati nasibu", ikasomwa kwa mama wa Kiislamu mtu mzima, akafunga buibui lake akaondoka: kamari yeye hachezi. Nimeona dripu isiyo na dawa ikiitwa "dawa bandia", na bandia kwetu ni ile ya dukani inayoua watu. Nyengine iliandika kuwa mgonjwa "ataajiriwa" katika utafiti. Bibi mmoja akaniuliza mshahara unatoka tarehe ngapi, na hakuwa anatania. Kwa hiyo muuguzi huyo mpya aseme mambo kama yalivyo: kuna makundi mawili, kompyuta ndiyo inayogawa, hakuna binadamu anayechagua, makundi yote mawili yanapata matibabu ya kawaida, kundi moja linaongezewa maji ya dripu yasiyo na dawa ndani, ili hata sisi tusijue, tusije tukamwangalia mmoja kwa jicho la matumaini na mwengine kwa jicho la huruma.

Baada ya hapo asiulizwe kama ameelewa. Kila mtu mwenye adabu hujibu ndiyo. Aambiwe aeleze kwa maneno yake, kama anayemweleza jirani, wewe ukiwa haupo. Akisema, "Wamenitafutia dawa mpya ya kuniponya," hajaelewa, waanze upya. Akisema, "Wanataka kujua kama dawa hii inafaa, nami huenda nikaipata au nisiipate, na nikichoka naacha na matibabu yangu yanaendelea," hapo atie kidole, au akatae, maana sasa vyote viwili ni vyake.

Ukiniuliza mimi, hilo ndilo ambalo hujawaambia watu wa nyumbani, na ndilo linalokukaba kuliko tarehe. Jaribio si tiba aliyokatiwa mama mdogo kwa kipimo chake. Ni swali. Daktari akikutibu anauliza nini kinakufaa wewe. Akikufanyia utafiti anaongeza swali la pili, nini kitawafaa watakaokuja, na maswali hayo mawili si kila siku yanakwenda njia moja. Ndiyo maana Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawekwa, na ndiyo maana hapa Kenya jaribio la dawa halianzi bila kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu kupitisha.

Mjomba anaposema "dawa ya kweli" anadhani kuna watu wanaoijua na wameificha. Mwambie kama ingejulikana kuwa inashinda, ingekuwa dhambi kuwanyima nusu ya watu. Haijulikani. Miaka ya 1990 huko Marekani wanawake wenye saratani ya matiti walipigania kupewa kemo ya dozi kubwa mno, ile inayounguza uboho mpaka mtu arudishiwe chembe zake mwenyewe ndipo aishi. Waliamini, na madaktari wao waliamini, kuwa kubwa zaidi ni bora zaidi. Maelfu walipewa nje ya majaribio, wengine kwa kuyashitaki makampuni ya bima. Majaribio yalipotoa majibu mwaka 1999, waliopata dozi kubwa hawakuishi zaidi ya wenzao, na waliteseka zaidi. Jaribio lililodai kuona faida lilikuwa la Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wakaguzi walipomfuata Januari 2000 walikuta wagonjwa wengi hawakutimiza masharti na mafaili hayana ridhaa zilizotiwa sahihi. Alikiri na akafukuzwa kazi. Wengi wa wanawake katika mafaili yale, kwa taarifa yako, walikuwa Waafrika.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mjomba si atapata kundi gani. Ni hili: akipata dripu ya maji matupu, mtakuwa radhi? Kama hawako radhi, asiingie, na hakuna aliyekosea.

Kuna mambo ambayo hakuna aliyeyataja, si wewe, si mjomba, si profesa, nami ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Omba ratiba ya mahudhurio ya mwaka mzima, uihesabu kwa miguu ya mama mwenye mgongo unaouma. Kutoka Lamu ni boti mpaka Mokowe, halafu basi: Witu, Garsen, Malindi, na bado mnakwenda. Mara ngapi kwa mwezi? Usiku atalala wapi? Skani na vipimo vya jaribio analipa nani? Gharama za jaribio mgonjwa hapaswi kuzibeba, na nauli kwa kawaida hurudishwa. Basi kaka yako aliuza mashine ya boti kwa ajili ya nini? Hakumuuliza mtu, na wewe ulikuwa umesema Inshallah. Mpigie leo. Kama mnunuzi hajaifunga kwenye boti yake, huenda ikarudi.

Na homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka sana. Homa ya 38 wakati huo si malaria ya kungojea asubuhi wala ya kumezea panadol. Ni dharura, inaweza kumuua kwa saa chache. Ikimshika saa nane usiku yuko Langoni, nani anapigiwa? Hospitali ya pale Lamu itajua yuko kwenye jaribio? Adai barua ya kuonyesha hospitali yoyote, yenye nambari ya simu inayopokelewa usiku, na awe na kipimajoto nyumbani. Kitengo kikishindwa kumjibu hilo, hata kama kina dawa bora duniani, mimi ningemshauri abaki na matibabu ya kawaida yaliyo karibu naye.

Profesa wako sitamchosha nafasi. 11 kati ya 20 ni shida ya profesa na wafadhili wake. Akikulazimisha kuandika usichokiona, kamati ya maadili ya chuo ina ofisi, na nambari yake imechapwa kwenye fomu ile ile unayowasomea wagonjwa.

Mumiani, hilo msimcheke mzee. Pwani hii neno lile lina umri mkubwa kuliko chuo kikuu chenu, na watu hawakuliota tu. Waliona damu ikichukuliwa na hawakuona kilichorudi. Mjibu kwa kijiko. Mwonyeshe kichupa, umwambie hiki ni kijiko kimoja cha chai, vinatoka vingapi kila safari, kinapimwa nini, na baki linakwenda wapi. Kama damu itahifadhiwa au itapelekwa nje ya nchi, fomu inapaswa kusema, na mara nyingi hilo mgonjwa anaweza kulikataa na akabaki kwenye jaribio. Mwambie pia mambo haya si mageni kwetu Afrika Mashariki: taasisi ya saratani ya Kampala ilifunguliwa mwaka 1967, na majaribio yaliyofanyiwa watoto wa Uganda waliovimba taya ndiyo yaliyosaidia dunia kujua namna ya kuchanganya dawa dhidi ya ugonjwa ule. Vinkristini ilikuwemo. Labda atanyamaza, labda hatanyamaza. Ni mke wake, ana haki ya kuuliza. Mwenye mwili ndiye atakayejibu.

Mjomba mpigie wewe, asisikie kwa mtu. Usianze na kanuni. Mwambie, "Mjomba, nilikwambia Inshallah na wewe ukasikia ndiyo, kosa langu. Ufunguo sina, wala hakuna aliye nao. Nimejitoa kwenye faili la mama ili niweze kukaa naye kama mtoto wake." Atakasirika. Mwache akasirike, wewe usikate simu.

Na ile chupa ya mizizi, kama imebaki, asiimwage. Aifunge vizuri na aje nayo kwa daktari.